Pendekezo la 79 lilisubiri miaka 32

Tarehe 5 Desemba 2017 mama mmoja wa miaka 55 alipanda treni Echuca, mji ulio kwenye mpaka wa kaskazini wa jimbo la Victoria nchini Australia, akielekea Melbourne. Jina lake Tanya Day, Mwaborijini, yaani mwenyeji asilia wa Australia, wa jamii ya Yorta Yorta. Alikuwa amekunywa pombe, na njiani usingizi ukamchukua. Kondakta alipopita kukagua tiketi alimkuta amelala. Akamwamsha, akaona hajibu sawasawa, akaomba polisi waitwe. Treni iliposimama Castlemaine, askari wakapanda, wakamteremsha. Kosa aliloandikiwa lilikuwa moja tu: ulevi wa hadharani.

Wakamweka selo ili pombe imtoke. Ilipokaribia saa 11 jioni aliyumba, akaanguka, akagonga paji la uso ukutani. Kamera ya selo iliona yote. Utaratibu wa polisi ulitaka askari amwendee kila baada ya muda maalumu, amsemeshe, ahakikishe anajibu na anapumua vizuri. Ukaguzi uliofanyika haukutosha, na mwingine ulikuwa wa kuchungulia dirishani na kuondoka. Saa tatu hivi zilipita, damu ikivuja ndani ya kichwa chake, kabla ya gari la wagonjwa kuitwa. Bi. Day alifariki hospitalini Melbourne tarehe 22 mwezi huohuo.

Miaka 26 kabla ya siku hiyo, mwaka 1991, tume kubwa iliyochunguza vifo vya Waaborijini kizuizini ilikuwa imeziambia serikali za Australia kwa maandishi, tena kwa namba, kwamba kosa la ulevi wa hadharani lifutwe. Hilo ni pendekezo la 79. La 80 likafuata: kosa likifutwa, zijengwe nyumba za kuwahifadhi walevi mpaka watulie, mbali na selo. Tume haikuyatunga mapendekezo hayo hewani. Ilikuwa imeketi na kusikiliza habari za watu waliofungiwa kwa pombe na kutolewa wakiwa maiti. Mmoja wao aliitwa Harrison Day, aliyefariki mwaka 1982 baada ya kushikwa na polisi wa Echuca. Alikuwa mkubwa wa Tanya Day katika ukoo wao. Familia moja, mji mmoja, kosa lilelile.

Victoria ilipitisha sheria ya kulifuta kosa hilo mwaka 2021, baada ya watoto wa Bi. Day kupigania jambo hilo mahakamani, bungeni na barabarani. Utekelezaji ukasogezwa mbele hadi tarehe 7 Novemba 2023. Kutoka 1991 hadi 2023 ni miaka 32. Queensland ikaja baada yake.

Nauliza swali la mtu anayefuatilia ahadi za serikali: katika miaka hiyo yote, kwenye daftari la maendeleo, kulikuwa kumeandikwa nini? Jibu ndilo lililonifanya niandike makala haya, kwa maana daftari hilo lipo, na linasema kazi ilikuwa inakwenda vizuri.

Turudi nyuma kidogo. Tume ya Kifalme ya Kuchunguza Vifo vya Waaborijini Kizuizini iliundwa mwaka 1987, wakati wa serikali ya waziri mkuu Bob Hawke, baada ya familia za marehemu kuzunguka nchi nzima zikidai majibu. Jina ambalo wengi walikuwa nalo midomoni ni la John Pat, kijana wa miaka 16 aliyefia kwenye selo ya polisi Roebourne, Australia Magharibi, mwezi Septemba 1983, baada ya ugomvi na askari waliokuwa nje ya zamu. Polisi watano walishtakiwa, wote wakaachiwa huru. Tume ilichunguza vifo 99 vilivyotokea kati ya Januari 1980 na Mei 1989. Wanaume walikuwa 88, wanawake 11. Wengi, 63, walifia mikononi mwa polisi, hata jela hawakufika. Katika hao 99, 43 walikuwa wametenganishwa na wazazi wao wakiwa wadogo, kwa amri au mkono wa serikali. Ripoti ya mwisho, chini ya kamishna Elliott Johnston, ilikuwa na mapendekezo 339.

Hiyo namba 43 ndiyo ninayoiona nzito kuliko zote. Serikali iliyowachukua watoto kwa madai ya kuwalea ndiyo iliyowapokea tena ukubwani kwenye selo, na ndiyo iliyopiga simu nyumbani kusema mtu wenu amekufa.

Pendekezo la kwanza kabisa kati ya hayo 339 lilihusu ufuatiliaji. Tume ilijua desturi ya serikali na ripoti: hupokelewa kwa hotuba, huchapishwa kwa jalada zuri, kisha huwekwa kabatini. Ikataka serikali zote, ya shirikisho na za majimbo, zieleze hadharani na kila mara zimefikia wapi, tena kwa kushauriana na chombo cha Waaborijini wenyewe. Kwa miaka michache ripoti za maendeleo zilitoka, baadaye zikakoma. Chombo kikuu cha kitaifa cha uwakilishi wao, ATSIC, kikavunjwa na bunge mwaka 2005. Aliyepewa kazi ya kushika daftari akaondolewa, daftari likabaki kwa wale wanaotakiwa kukaguliwa.

Mwaka 2018 serikali ya shirikisho ilitoa tathmini iliyoandaliwa na kampuni ya ushauri ya Deloitte. Matokeo yake: asilimia 64 ya mapendekezo yametekelezwa kikamilifu, asilimia 14 yametekelezwa kwa sehemu kubwa. Jumla 78. Msomaji yeyote akisikia asilimia 78 atadhani kazi imebaki kidogo tu. Wanazuoni kadhaa wa Australia, wakiwamo wa kituo cha utafiti wa sera za Waaborijini katika Chuo Kikuu cha Taifa, walipinga hesabu hiyo waziwazi. Hoja yao ilikuwa rahisi kueleweka: tathmini ilitegemea zaidi maelezo ya serikali zenyewe, na ilihesabu hatua zilizochukuliwa bila kuuliza kama hatua hizo zilibadili chochote. Serikali ikisema imetoa mwongozo kwa askari, mwongozo unahesabika. Kama askari anaufuata au haufuati, hilo halikuwa swali la tathmini.

Sasa turudi Castlemaine tuangalie maana yake. Mwongozo wa kumkagua mtu aliyelewa ulikuwepo. Kamera ilikuwepo. Neno kwa neno, serikali ingeweza kudai kwamba mapendekezo ya tume kuhusu uangalizi wa mahabusu yametekelezwa, na kwenye karatasi isingekuwa inadanganya. Mwanamke yuleyule akabaki sakafuni.

Kisa cha Bi. Dhu kinaonyesha jambo hilohilo kwa uchungu zaidi. Familia yake iliomba jina lake la kwanza lisitajwe kwa heshima ya mila, nami naliheshimu ombi hilo. Alikuwa binti wa miaka 22 huko South Hedland, Australia Magharibi. Tarehe 2 Agosti 2014 polisi walimkamata kwa sababu ya faini ambazo hakuwa amelipa, jumla dola 3,622. Alikuwa na ubavu uliovunjika kutokana na kipigo cha nyumbani, na jeraha hilo lilikuwa limeingia maambukizi. Alilia maumivu. Mara mbili alipelekwa hospitali, mara mbili akarudishwa selo na karatasi inayosema anafaa kuwekwa kizuizini. Polisi waliamini anaigiza. Mara ya tatu walimpeleka akiwa hawezi kusimama, akafariki siku hiyo, tarehe 4. Hakimu mchunguzi wa vifo aliyesikiliza shauri lake alisema namna polisi walivyomtendea ilikosa utu.

Ile karatasi ya hospitali naifikiria mara nyingi. Kila kitu kilichotakiwa na utaratibu kilifanyika: mgonjwa alipelekwa, daktari alionekana, fomu ikasainiwa. Mkaguzi wa mafaili asingekuta kosa. Na tume ya 1991 ilishasema kwamba watu wasitupwe ndani moja kwa moja kwa kushindwa kulipa faini. Australia Magharibi ilibadili sheria yake ya faini mwaka 2020, miaka sita baada ya Bi. Dhu kuzikwa.

Kuna hesabu nyingine inayotumika kuwatuliza watu, nayo inahitaji kuelezwa polepole kwa sababu inapotosha huku ikiwa ya kweli. Serikali na vyombo vyake husema: ukichukua wafungwa mia moja Waaborijini na wafungwa mia moja wasio Waaborijini, hutakuta Waaborijini wanakufa zaidi. Kwa miaka mingi hilo limekuwa sahihi. Tume yenyewe ilisema hivyo mwaka 1991. Lakini wengi wanaoinukuu tume huishia hapo, wakati tume iliendelea na kusema kilicho muhimu: kinachowaua Waaborijini wengi kiasi hicho kizuizini ni kwamba wanafungwa wengi kupita kiasi.

Aliyesoma sehemu darasa la nne atakumbuka kuna namba ya juu, kiasi, na ya chini, asili. Asili ikikua pamoja na kiasi, sehemu inabaki palepale. Unaweza kuzika watu mara mbili ya mwaka uliopita, na kiwango kisisogee hata kidogo, ilimradi umewafunga mara mbili pia. Mwaka 1991 Waaborijini na wenyeji wa Visiwa vya Torres walikuwa asilimia 14 ya wafungwa wote wa Australia. Kufikia mwaka 2024 walikuwa asilimia 36. Katika idadi ya watu wa nchi nzima hawafiki asilimia 4. Hapo ndipo jibu lilipo, na hapo ndipo neno "kiwango hakijapanda" linapopoteza uzito wake wote.

Na wafu wenyewe? Taasisi ya Uhalifu ya Australia, ambayo imekuwa ikitunza kumbukumbu za vifo hivi kutokana na pendekezo la tume, iliripoti kwamba katika mwaka ulioishia Juni 2025 walikufa kizuizini watu 113, na kati yao 33 walikuwa wenyeji asilia. Mwaka uliotangulia walikuwa 24. Tangu kumbukumbu zianze mwaka 1979-80 haijawahi kufika 33. Mwezi Oktoba 2025 hakimu mkuu wa uchunguzi wa vifo wa New South Wales, Teresa O'Sullivan, alitoka hadharani kusema kwamba katika jimbo lake pekee wamekufa 12 kwa mwaka huo, na mwaka ulikuwa haujaisha. Hakimu wa aina hiyo kwa kawaida huzungumza kupitia hukumu zake. Akiona lazima aseme nje ya mahakama, ujue milango mingine imegongwa bila kufunguliwa. Tangu ripoti ya 1991 itoke, jumla imepita 600.

Asilimia 78 ya utekelezaji, na zaidi ya makaburi 600. Namba mbili hizi haziwezi kuwa zinaeleza jambo moja.

Kasoro ninayoiona kubwa kuliko zote katika namna Australia inavyofuatilia ahadi zake, nayo haizungumzwi vya kutosha, ni kwamba daftari lina safu ya kazi iliyofanyika na safu ya kazi inayoendelea, ila halina safu ya kazi iliyobomolewa. Pendekezo likishawekewa alama ya vyema, alama hiyo haifutwi, hata sheria iliyoifanya iwekwe ikifutwa kesho yake.

Angalia dhamana. Pendekezo la 92 la tume lilisema kifungo kiwe hatua ya mwisho, baada ya njia nyingine zote kushindikana. Mwaka 2018 Victoria ilikaza sheria ya dhamana baada ya tukio la kutisha la dereva kuua watu katikati ya Melbourne. Sheria iliyolengwa kwa watu hatari ikawanasa wezi wa vitu vidogo dukani. Mwishoni mwa Desemba 2019 Veronica Nelson, mwanamke Mwaborijini wa miaka 37, alikamatwa kwa tuhuma za aina hiyo. Alijitetea mwenyewe mahakamani bila wakili, akanyimwa dhamana, akapelekwa jela ya wanawake. Alikuwa mgonjwa mahututi. Usiku kucha alibonyeza kitufe cha simu ya selo kuomba msaada, mara baada ya mara, akiambiwa asubiri, akiambiwa anawasumbua wengine. Asubuhi ya tarehe 2 Januari 2020 alikutwa amekufa. Uzito wake ulikuwa kilo 33.

Mchunguzi wa kifo chake, Simon McGregor, aliiita sheria ile ya dhamana janga kamili. Familia ikapigana, na Machi 2024 sheria mpya, laini zaidi, ikaanza kutumika. Mwaka mmoja tu baadaye, Machi 2025, kelele za uhalifu wa vijana zilipopanda magazetini, bunge lilelile la Victoria likakaza tena, na kwa watoto likaondoa kanuni kwamba rumande iwe njia ya mwisho. Wazo lilelile la pendekezo la 92, likatolewa kwenye sheria kwa kura. Kwa ufahamu wangu, huko ni kurudi nyuma kwa namna iliyo wazi kabisa. Lakini mwulize mtunza daftari ni wapi anaandika jambo kama hilo.

Eneo la Kaskazini (Northern Territory), sehemu ya Australia yenye serikali yake, lilifanya vivyo hivyo na umri wa mtoto kushtakiwa. Agosti 2023 lilipandisha kutoka miaka 10 hadi 12. Ukaja uchaguzi, ikaja serikali mpya, na Oktoba 2024 ukarudishwa 10. Mtoto wa miaka 10 yuko darasa la nne au la tano. Meno yake mengine bado ni ya utoto.

Na Australia Magharibi, mwaka 2022, ilitenga jengo ndani ya jela ya watu wazima ya Casuarina, jela ya ulinzi mkali, ili kuwaweka wavulana ambao kituo cha watoto kilishindwa kuwamudu. Likaitwa Unit 18. Oktoba 2023 kijana Mwaborijini wa miaka 16 alijidhuru humo, akafariki siku chache baadaye. Alikuwa ameshawaambia wafanyakazi, zaidi ya mara moja, kwamba atajidhuru. Ni mtoto wa kwanza anayejulikana kufa katika kizuizi cha watoto cha jimbo hilo.

Mtu wa Afrika Mashariki anaweza kuuliza: kama serikali ya Canberra ina nia, inashindwa wapi? Lazima aelewe muundo. Australia ni shirikisho la majimbo 6 na maeneo 2 makubwa, na polisi, magereza, dhamana na umri wa kushtakiwa ni mambo ya majimbo. Mwaka 2020 serikali zote zilitia saini mkataba wa kitaifa wa kupunguza pengo kati ya wenyeji asilia na wengine. Shabaha ya 10 inasema kiwango cha watu wazima wenyeji asilia walio jela kipungue kwa asilimia 15 angalau ifikapo 2031. Ya 11 inasema watoto walio kizuizini wapungue kwa asilimia 30. Shabaha ya 10 haikaribiwi hata kwa kasi ndogo, mambo yanakwenda kinyume: kiwango kinapanda. Na hakuna adhabu. Waziri wa shirikisho husoma takwimu kila mwaka kwa sauti ya masikitiko, waziri wa jimbo hutangaza vitanda vipya vya jela kwa sauti ya kampeni, na wote wawili wamesaini karatasi moja.

Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Usemi huo nauona katika mfumo mzima. Uzito wa vifo hivi umeachwa kwa wafiwa. Mama, watoto, dada na mashangazi ndio waliojifunza lugha ya mahakama, ndio wanaosafiri mamia ya kilomita kwenda kutazama video ya ndugu yao akifa, ndio wanaosimama mbele ya kamera siku hiyohiyo na kuomba mabadiliko kwa adabu. Kwa muda mrefu hata hesabu ya mwaka unaoendelea ililazimika kufanywa na watu wa nje ya serikali. Mwaka 2018 gazeti la The Guardian, tawi la Australia, lilianza kukusanya faili moja moja na kuziweka wazi, kwa kuwa takwimu rasmi zilikuwa zinatoka zikiwa zimechelewa sana. Ni miaka ya karibuni tu taasisi ya serikali imeanza kuonyesha vifo vinavyotokea bila kungoja ripoti ya mwaka. Hilo ni jema na nalipongeza. Lakini kujua haraka kwamba mtu amekufa ni kitu kimoja, na kulazimika kufanya jambo ni kingine.

Ninavyoona, ufuatiliaji wa kweli ungeanzia kwa anayeshika kalamu. Daftari litoke mikononi mwa wizara, likabidhiwe chombo cha Waaborijini chenye nguvu ya sheria, chenye haki ya kuingia kituoni na gerezani bila kubisha hodi, na chenye bajeti ambayo waziri hawezi kuikata akikasirika. Kipimo kiwe idadi ya walio ndani na waliokufa, siyo idadi ya miongozo iliyochapwa. Na iwepo ile safu ninayoizungumzia, ya mambo yaliyobomolewa, ili mbunge anayepiga kura kukaza dhamana aone jina la jimbo lake likishuka siku ileile. Kuhusu mapendekezo ya wachunguzi wa vifo, Victoria tayari ina sheria inayotaka idara ya serikali ijibu kwa maandishi ndani ya miezi 3. Ni msingi mzuri. Udhaifu wake ni kwamba jibu linaweza kuwa "tunalitafakari", na kutafakari hakuna tarehe ya mwisho.

Wapo watakaosema hilo ni jambo la nchi ya mbali. Siyo mbali kama tunavyodhani. Zipo familia za Wakongo na Warundi wanaozungumza Kiswahili ambao Australia iliwapokea kama wakimbizi, na watoto wao wanakulia kwenye mitaa na sheria hizohizo. Halafu sisi wenyewe tunayo maneno yetu kwa jambo hili, tunasema "alifia mikononi mwa polisi", na hatuhitaji kufafanuliwa. Juni 2025 Albert Ojwang, kijana mwalimu na mwandishi wa mitandaoni, alikamatwa Homa Bay akaletwa Nairobi, akafa akiwa kituo cha polisi. Polisi wakasema alijigonga ukutani, uchunguzi wa maiti ukakataa. Kenya ina mamlaka huru ya kusimamia polisi tangu sheria ya 2011. Sheria ya kuanzisha huduma ya wachunguzi wa vifo ilipitishwa 2017, miaka ikapita bila huduma yenyewe kusimama. Anayejua hali hiyo hatashangazwa na asilimia 78. Sheria iliyopitishwa bila kuanza kazi nayo huhesabiwa kuwa imepitishwa.

Namalizia na Yuendumu, kijiji cha Wawarlpiri kilicho jangwani, kilomita karibu 300 kutoka mji wa Alice Springs, katika Eneo la Kaskazini. Wawarlpiri wana desturi: mtu akifa, jina lake halitajwi, na yeye pamoja na yeyote mwenye jina hilohilo huitwa Kumanjayi badala yake. Novemba 2019 kijana wa miaka 19, anayetajwa sasa kama Kumanjayi Walker, alipigwa risasi na polisi ndani ya nyumba hapo kijijini. Askari alishtakiwa kwa mauaji, mwaka 2022 baraza la mahakama likamwachia huru. Uchunguzi wa kifo ukachukua miaka. Hakimu Elisabeth Armitage alikuwa amepanga kusoma matokeo yake mwanzoni mwa Juni 2025, na wazee walikuwa wanajiandaa kumpokea.

Tarehe 27 Mei kijana mwingine wa Yuendumu, mwenye miaka 24 na ulemavu, alikufa baada ya polisi kumkandamiza sakafuni katika duka kubwa la Alice Springs. Naye sasa anaitwa Kumanjayi, Kumanjayi White. Wazee wakaomba usomaji uahirishwe, kwa kuwa kijiji kilikuwa kwenye msiba na hakingeweza kusikiliza habari za kifo kimoja huku kikilia kingine. Armitage alikubali. Alikwenda Yuendumu tarehe 7 Julai na kuwasomea matokeo, yenye kurasa zaidi ya 600. Mwisho wake kulikuwa na mapendekezo 32.